Kusomea Urithi na Utalii: Mwongozo kwa Anayetaka Kumjua Mwenyeji

Ukivuka kwa mashua kutoka Kilwa Masoko, kuta za ngome ya Gereza hukupokea ufukweni kabla hujakanyaga nchi kavu ya Kilwa Kisiwani. Ukipanda kidogo unafika Msikiti Mkuu, wenye nguzo na makuba yake. Ukiendelea kutembea kuelekea mashariki unafika Husuni Kubwa, jumba lililojengwa mwanzoni mwa karne ya 14, enzi za Sultani al-Hasan bin Sulaiman. Msafiri Ibn Battuta aliuona mji huu mwaka 1331 na kuusifu. Hayo yote mgeni huelezwa na mwongoza watalii, hupiga picha, kisha hurudi kwenye mashua.

Lakini njiani amepita katikati ya kijiji. Amewapita wavuvi wanaotengeneza nyavu, akina mama walioketi barazani, na watoto wanaotoka madrasa. Watu hao wanaishi ndani ya eneo lililoingizwa mwaka 1981 katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO. Wao wanazielezaje kuta hizo? Ni yapi makaburi wanayoyazuru mpaka leo? Fedha ya kiingilio ikilipwa, inafika hadi wapi? Anayejiuliza maswali ya namna hii tayari ameanza kusoma sayansi ya jamii inayohusu urithi na utalii, hata kama hajajua kwamba kuna shahada yake.

Makala haya yanamlenga kijana aliye sekondari, mzazi anayemshauri mwanawe, na yule ambaye tayari anafanya kazi ya kuongoza wageni na sasa anataka kujiendeleza. Yataeleza somo lenyewe ni nini, milango ya kuingilia iko wapi, uwandani panahitaji adabu gani, na kazi zinapatikana upande gani. Mifano mingi ni ya Tanzania, kwa sababu taratibu za kujiunga hutofautiana nchi hadi nchi.

Somo linahusu watu kuliko mawe

Wengi hudhani kusomea urithi ni kukariri tarehe za magofu, na kusomea utalii ni kujifunza kutandika vitanda na kuendesha magari ya safari. Ujuzi huo una nafasi yake na una heshima yake. Ila katika sayansi ya jamii, linaloulizwa kwanza ni kwa nini kitu fulani kimekuwa urithi, nani aliamua hivyo, na nani ananufaika au kuumia kwa uamuzi huo.

Chukua michoro ya miambani ya Kondoa, iliyoingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2006. Mamlaka za uhifadhi hutaka michoro isiguswe, isimwagiwe kitu, isisogelewe na moshi. Lakini kwa baadhi ya wenyeji wa Kolo, pango la Mungomi wa Kolo ni mahali pa kuombea mvua na uponyaji, na matambiko huwa na pombe na sadaka. Mhifadhi anaona uharibifu, mwenyeji anaona ibada. Hapo kipimo cha kemikali ya mwamba hakitoshi. Anahitajika mtu anayeweza kukaa na wazee, kuelewa tambiko linafanyika lini na kwa nini, kisha kusaidia pande mbili zipate utaratibu unaoheshimu mchoro na unaomheshimu aliyeurithi.

Chukua pia Songea. Tarehe 27 Februari 1906 Wajerumani waliwanyonga viongozi wa Wangoni waliopigana katika Vita vya Majimaji, na kila Februari watu hukusanyika kwenye Makumbusho ya Majimaji kuwakumbuka. Mwaka 2023 Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alikwenda Songea na kuomba radhi. Familia ya Nduna Songea Mbano bado inataka kujua lilipo fuvu la babu yao, linalosadikiwa kupelekwa Ujerumani. Urithi wa namna hii una majonzi ndani yake, na anayempeleka mgeni mahali hapo anapaswa kujua kwamba anaingia kwenye msiba wa watu.

Ongeza na mjusi wa Tendaguru, yaani dinosaria wa mkoani Lindi. Mifupa yake ilichimbwa kati ya mwaka 1909 na 1913, ikabebwa na wapagazi wenyeji hadi pwani, na leo mifupa hiyo imesimama zaidi ya mita 13 ndani ya makumbusho ya Berlin. Irudi? Ibaki huku Tanzania ikipata sehemu ya mapato? Lijengwe jumba kwanza? Mwanafunzi wa fani hii hufundishwa kulijadili jambo hilo kwa ushahidi: mikataba, gharama, sheria, na sauti za watu wa Lindi wenyewe.

Darasani utakutana na nini

Kozi za urithi na utalii huunganisha masomo kadhaa. Historia itakupa mfuatano wa matukio. Akiolojia itakufundisha kusoma kilichofukiwa ardhini. Anthropolojia na sosholojia zitakufundisha kuishi na watu huku ukijifunza kwao. Jiografia itakupa ramani, na uchumi utakuonyesha njia ya fedha. Juu ya hayo kuna usimamizi wa makumbusho, uhifadhi wa majengo, na sheria.

Sheria usiipuuze, maana ndiyo inayoamua nani ana kauli. Mkataba wa UNESCO wa mwaka 1972 unahusu maeneo ya urithi, kama vile majengo, magofu na mandhari. Mkataba wa mwaka 2003 unahusu urithi usioshikika: ngoma, simulizi, ufundi, mila. Tanzania Bara ina Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, na Kenya ina Sheria ya Makumbusho ya Taifa na Urithi ya mwaka 2006. Zanzibar husimamia mambo yake ya kale yenyewe, kwa kuwa si jambo la Muungano, na Mji Mkongwe, ulioingia Urithi wa Dunia mwaka 2000, una mamlaka yake ya uhifadhi. Mwanafunzi asiyejua mipaka hii atapeleka barua ya kibali ofisi isiyohusika na kupoteza muhula mzima.

Utafundishwa pia mbinu za utafiti: mahojiano, dodoso, kushuhudia kwa kushiriki, kuchora ramani ya kijiji pamoja na wanakijiji. Zoezi moja zuri kwa mwanafunzi wa utalii ni kuifuata shilingi. Mgeni ametembelea mji wa Mto wa Mbu, mkoani Arusha, akatembezwa mashambani na kula chakula cha mchana nyumbani kwa mwenyeji. Alilipa kiasi gani, na alimlipa nani? Kama safari yote ililipiwa ng'ambo kabla hajapanda ndege, ni sehemu gani ya fedha hiyo ilishuka hadi kwa mama aliyepika ndizi? Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mwanafunzi wa fani hii ndiye anayekwenda na daftari kupima kama kweli mwenyeji amepona.

Na usishangae ukikuta ufundi wa mikono ndani ya mtaala. Nyumba za kale za pwani zilijengwa kwa mawe ya matumbawe, chokaa na boriti za mikoko. Kuta hizo hupumua: unyevu huingia na kutoka. Ukizipiga lipu ya saruji, unyevu na chumvi hunaswa ndani, na ukuta huoza ukiwa unaonekana mpya. Kwa hiyo fundi anayejua kuchoma na kulaza chokaa ni sehemu ya urithi sawa na jengo lenyewe. Sehemu ya Beit al-Ajaib ya Zanzibar, jumba la mwaka 1883, iliporomoka tarehe 25 Desemba 2020 wakati ukarabati ukiendelea. Tukio hilo lilitukumbusha kwamba majengo haya yanataka watu waliofundishwa, na yanawataka mapema.

Sifa za kujiunga

Kwa aliyemaliza Kidato cha Sita Tanzania, kiwango cha jumla kinachowekwa na Tume ya Vyuo Vikuu (TCU) ni ufaulu wa masomo mawili makuu yenye jumla ya pointi zisizopungua 4.0. Kila kozi huongeza masharti yake, hasa kuhusu masomo yanayokubalika. Tahasusi zenye Historia, Jiografia, Kiswahili au Kiingereza, kama vile HGL, HGK na HKL, hufungua milango mingi ya fani hii. Mwenye stashahada naye anaweza kujiunga na shahada, kwa kawaida akiwa na GPA ya 3.0 au zaidi katika fani inayohusiana.

Aliyeishia Kidato cha Nne hajafungiwa. Anaweza kuanza na astashahada, akapanda hadi stashahada katika vyuo vinavyosajiliwa na Baraza la Taifa la Elimu ya Ufundi na Mafunzo ya Ufundi Stadi (NACTVET), kisha akaingia chuo kikuu. Njia hii ni ndefu, lakini humpa mtu ujuzi wa kazi mapema, na wengi wanaoongoza wageni leo wameipitia.

Kila mwaka TCU na NACTVET hutoa vitabu vya mwongozo wa udahili. Kisome cha mwaka unaoomba, maana kozi hubadilishwa majina, huongezwa na huondolewa. Usitegemee karatasi ya mwaka juzi aliyokupa jirani.

Kuhusu ada, Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu hufungua dirisha la maombi kila mwaka. Andaa mapema cheti cha kuzaliwa kilichohakikiwa, namba za mitihani na nyaraka za mdhamini. Wengi hukosa mkopo kwa sababu ya nyaraka zilizochelewa, ilhali sifa walikuwa nazo. Ukipata bumu, yaani fedha ya kujikimu, tenga fedha kidogo kwa ajili ya fildi, kwa sababu uwandani kuna nauli, chakula na vocha.

Chagua mlango unaokufaa

Vyuo ni vingi, lakini milango ni mitatu, na ni vizuri ujue unaingia upi.

Mlango wa kwanza ni wa urithi wenyewe. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kimekuwa kikifundisha akiolojia tangu miaka ya 1980, na kina idara ya akiolojia na urithi yenye shahada ya usimamizi wa urithi. Huu unamfaa anayependa utafiti, makumbusho na uhifadhi.

Mlango wa pili unaunganisha jamii na utalii. Chuo Kikuu cha Iringa, kwa mfano, kimejulikana kwa kufundisha anthropolojia ya utamaduni pamoja na utalii, na mahali pake panafaa: Isimila yenye zana za mawe haiko mbali, wala Kalenga, lilipo fuvu la Mtwa Mkwawa, kiongozi wa Wahehe, lililorudishwa kutoka Ujerumani mwaka 1954. Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar (SUZA) kina mafunzo ya utalii kupitia kampasi yake ya Maruhubi.

Mlango wa tatu ni wa huduma na usimamizi wa utalii. Hapa kuna Chuo cha Taifa cha Utalii, Chuo cha Mweka kilichoanzishwa mwaka 1963 chini ya Mlima Kilimanjaro kwa ajili ya usimamizi wa wanyamapori, na Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine. Kwa Kenya, Chuo cha Utalii cha Kenya cha Nairobi, kilichoanza mwaka 1975, kina jina kubwa katika huduma za wageni.

Kabla ya kujaza fomu, kiulize chuo mambo manne. Je, kozi ina ithibati mwaka huu? Mafunzo kwa vitendo ni ya wiki ngapi, na nani anamtafutia mwanafunzi mahali? Walimu wenyewe wana utafiti unaoendelea, na wanafunzi hushirikishwa? Wahitimu wa karibuni wako wapi? Swali la nne lina jibu zuri zaidi ukiwauliza wahitimu wenyewe.

Adabu ya uwandani

Hapa ndipo wanafunzi wengi wazuri hukwama, kwa hiyo tupatazame kwa kirefu.

Barua ya chuo haikufikishi moja kwa moja kwa mwenyeji. Inaanzia ofisi ya Katibu Tawala wa Mkoa, inashuka wilayani, halafu kwa Mtendaji wa Kata na Mtendaji wa Kijiji. Ukishapita huko, bado kuna mlango mwingine usio na mhuri: mzee wa mji, imamu, mganga, mlinzi wa msitu au wa kaburi. Kwenye misitu ya kaya za Wamijikenda wa pwani ya Kenya, iliyoingia Urithi wa Dunia mwaka 2008, hakuna kibali cha serikali kinachokupa ruhusa ya kukanyaga pasipokanyagwa. Wazee wa kaya ndio wenye neno la mwisho.

Ukifika, salimia kikamilifu. Shikamoo ya haraka huku mkono ukiwa mfukoni kutafuta kinasa sauti huharibu mazungumzo kabla hayajaanza. Keti unapoonyeshwa. Eleza umetoka wapi, wewe ni mtoto wa nani, unasoma nini, na majibu utakayopewa yataandikwa wapi. Omba ridhaa kabla ya kurekodi na kabla ya kupiga picha, na ukiambiwa jambo hili lisitoke hapa, lisitoke.

Usiokote kitu. Kigae cha chungu au shanga iliyolala juu ya ardhi huko Kilwa inaonekana haina thamani, lakini thamani yake iko katika mahali ilipolala na vitu vilivyo jirani nayo. Ikiingia mfukoni mwako inakuwa kigae tu. Tena kuhamisha malikale bila kibali ni kosa kisheria, na uchimbaji wowote unahitaji leseni.

Andika majina kama wenyewe wanavyoyatamka. Bonde ambalo dunia nzima iliandika Olduvai, Wamaasai hulitaja Oldupai, kwa jina la mkonge pori unaoota pale. Kosa la sikio la mgeni mmoja limekaa vitabuni zaidi ya miaka 100. Mwanafunzi wa leo asiongeze lingine.

Mwisho, rudisha. Tasnifu ikikamilika, pelekea kijiji nakala au muhtasari wa kurasa mbili kwa Kiswahili kinachosomeka, na picha ulizowapiga wazee. Vijiji vingi vimechoka kuulizwa maswali na watu wasiorudi. Ukirudi wewe, atakayekufuata atapokewa vizuri.

Kazi ziko wapi

Nafasi za serikali zipo, ila ni chache kuliko wahitimu. Zinapatikana Makumbusho ya Taifa, Idara ya Mambo ya Kale, halmashauri, na mamlaka za uhifadhi. Kumbuka kwamba vituo kadhaa vya malikale Tanzania sasa vinaendeshwa na taasisi za maliasili: magofu ya Kilwa yako chini ya Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori (TAWA), Kaole ya Bagamoyo chini ya Wakala wa Huduma za Misitu (TFS), na Kimondo cha Mbozi chini ya Mamlaka ya Hifadhi ya Ngorongoro. Mhitimu wa urithi anayeyasubiri makumbusho peke yake ataipita kazi iliyotangazwa na wakala wa misitu bila kuitambua.

Kazi nyingine iko katika tathmini. Barabara, bwawa au bomba linapopangwa kujengwa, hufanyika tathmini ya athari kwa mazingira na jamii, na humo lazima makaburi, maeneo ya matambiko na malikale vitazamwe. Kampuni za ushauri huhitaji watu wanaojua kuhoji wananchi na kuandika ripoti safi.

Upo pia utalii wa kitamaduni. Mwaka 2023 watalii wa kimataifa waliofika Tanzania walizidi milioni 1.8. Wengi huja kwa ajili ya wanyama na fukwe. Kijiji kinachoweza kuwapa nusu siku ya kujifunza kupika, kufinyanga, kusuka ukili au kutembea na mwenyeji anayejua historia ya mahali, kina biashara. Anayetaka kuianza ajue kwamba kuongoza watalii na kuendesha biashara ya utalii kunahitaji leseni chini ya Sheria ya Utalii ya mwaka 2008. Ajue vilevile kwamba mgao wa mapato unapaswa kuandikwa na kusomwa mbele ya mkutano wa kijiji kabla mgeni wa kwanza hajafika. Ugomvi wa fedha umeua miradi mingi mizuri.

Kwa kazi zote hizi, lugha ni mtaji. Kiswahili fasaha na Kiingereza ni msingi, Kifaransa, Kijerumani, Kiitaliano au Kichina huongeza thamani, na lugha ya nyumbani kwenu ndiyo itakayokupa habari ambazo mtafiti mwingine hatazipata.

Anza kabla ya kudahiliwa

Huhitaji barua ya chuo kuanza. Mwezi huu fanya mambo matano.

Tembelea kituo kimoja cha urithi kilicho karibu nawe. Ukiwa Dar es Salaam, nenda Kijiji cha Makumbusho, kilichofunguliwa mwaka 1966, ukaone nyumba za asili za jamii mbalimbali. Soma maelezo yaliyobandikwa, kisha andika ni habari gani imeachwa nje.

Mwombe mwongoza watalii mmoja akueleze siku yake ya kazi tangu alfajiri hadi malipo.

Chora ramani ya mtaa au kijiji chenu, uweke miti yenye majina, visima vya zamani, makaburi, na majengo ambayo watu huyatumia kuelekezana njia.

Jifunze kurekodi sauti kwa simu na kuandika yote uliyoyasikia neno kwa neno. Dakika 10 za mazungumzo zinaweza kukuchukua saa nzima kuziandika. Ni afadhali uijue kazi hiyo sasa.

La tano, kaa na mzee mmoja wa nyumbani kwenu, umuulize jina la mahali mnapoishi lilitokana na nini. Usimkatize. Akishamaliza, mwombe akuelekeze kwa mzee mwingine mwenye maelezo tofauti, kwa sababu yupo. Andika maelezo yote mawili, tarehe ya siku hiyo, na majina ya waliokusimulia kama wameridhia. Daftari hilo ndilo utakaloliweka mezani siku mwalimu wako wa mwaka wa kwanza atakapouliza nani amewahi kufanya utafiti, na humo ndani mwenyeji atakuwa ametangulia kusema kabla ya mgeni.